Kufundisha Usalama wa Mgonjwa kwa Mazoezi ya Uigaji: Mwongozo Kamili kwa Mkufunzi wa Uuguzi

Wakufunzi wenzangu wananiletea swali moja kila muhula: kwa nini wanafunzi wanaozijua kanuni darasani bado wanakosea wodini? Wanafunzi wanazijua sahihi tano za utoaji dawa kwa moyo: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Wanaziandika zote kwenye mtihani bila kukosa. Wakifika wodini, dawa ya kitanda cha nne inaenda kitanda cha sita.

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiangalia, na karibu kila mara nimekuta tatizo lilelile. Zoezi limegeuka maonyesho ya stadi. Manikini mmoja, yaani mwanasesere wa kufundishia, amelala, faili lake liko sawa, dawa ni moja tu mezani, hakuna anayemkatiza mwanafunzi, na mkufunzi yuko pembeni akimkumbusha hatua inayofuata. Katika chumba cha namna hiyo kosa haliwezi kutokea hata mtu akilitafuta. Mwanafunzi anajifunza kuchoma sindano vizuri, ila hajifunzi kugundua kwamba anaelekea kumchoma mtu asiyehusika.

Mwongozo huu unakupa somo moja zima, kutoka maandalizi hadi ufuatiliaji wodini. Nimechagua kisa kimoja, cha wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana, kwa sababu ni hatari ya kila siku na hakihitaji vifaa vya gharama. Ukikimudu, utaweza kutunga vingine mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

Watu: wanafunzi 8 kwa kila kundi. Wawili ni wauguzi wa zamu, mmoja ni ndugu wa mgonjwa, watano ni watazamaji wenye kazi maalumu. Nje ya hao unahitaji waigizaji wawili wa kuwa wagonjwa na mwenzako mmoja wa kuwa sista kiongozi wa zamu.

Muda: dakika 90. Ukiwa na darasa la watu 40, kisa hiki kitarudiwa mara tano. Usijaribu kuwafundisha 40 kwa pamoja. Wawili watafanya kazi na waliobaki watachati.

Vifaa:

- vitanda viwili vyenye namba zinazosomeka, 4 na 6
- mafaili mawili, yamening'inizwa miguuni pa vitanda
- kadi moja ya dawa
- bangili mbili za utambulisho. Plasta iliyoandikwa kwa kalamu ya wino inatosha
- bomba la sindano la mililita 10, bila sindano
- kichupa kisafi chenye maji, chenye lebo uliyochapa mwenyewe
- kanula (kijibomba cha kupitishia dawa mshipani) isiyo na sindano, plasta, mpira wa dripu na chupa tupu
- saa ya ukutani
- karatasi za watazamaji na fomu ya taarifa ya tukio

Manikini ukiwa naye ni sawa, ila kwa kisa hiki usimtumie kama mgonjwa. Manikini hawezi kuitikia jina, na jina ndilo somo lenyewe.

Waigizaji wazuri kuliko wote niliowahi kuwatumia ni watu wazima wasio wanafunzi. Mama wa jikoni chuoni, aliyeombwa vizuri na kukubali kwa hiari, anafaa kuliko mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mwanafunzi akimwona mtu wa umri wa mama yake kitandani, heshima inaingia, aibu inaingia, na ulimi unakuwa mzito, kama utakavyokuwa wodini.

## Hatua ya 1: Chagua hatari moja tu

Andika sentensi moja kabla hujaandika kitu kingine chochote. Yangu ni hii: *Mwishoni mwa somo, mwanafunzi atamtambua mgonjwa kwa vitambulisho viwili na kumuuliza kuhusu mzio kabla ya kutoa dawa, hata akiharakishwa.*

Namba ya kitanda si kitambulisho. Jina kamili ni kimoja. Namba ya usajili au tarehe ya kuzaliwa ni cha pili.

Jaribu kutoongeza lengo jingine. Kishawishi ni kikubwa cha kuweka na usafi wa mikono, na hesabu ya matone, na kumhamisha mgonjwa, kwa kuwa umeshakusanya watu. Ukiweka malengo manne, mazungumzo ya mwisho yatagusa kila kitu na hakuna kitakachobaki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kufundisha usalama wa mgonjwa, uliotolewa mwaka 2011, una mada 11. Huna haja ya kuzimaliza ndani ya alasiri moja.

## Hatua ya 2: Andika kisa chenye mtego wa kweli

Mtego si hila ya kumwaibisha mwanafunzi. Ni hali ambayo wodini hutokea bila mtu yeyote kuipanga. Changu kiko hivi.

Usiku mvua ilinyesha na paa likavuja juu ya kitanda cha 6. Zamu ya usiku ikawabadilisha wagonjwa, kwa kuwa wa kitanda cha 4 alikuwa na nguvu na akakubali kuhamia upande wa pili baada ya maji kufutwa. Mafaili hayakuhamishwa.

Mwanaidi Salum Hamisi, miaka 48, ana nimonia. Ameandikiwa ampisilini gramu 1 kwenye mshipa kila saa 6. Kadi ya dawa inasema kitanda cha 4. Sasa amelala kitanda cha 6.

Mwanaidi Hamisi Salum, miaka 51, ana malaria kali na anapata artesuneti. Ana mzio mkali wa penisilini, jamii ya dawa ambayo ampisilini imo. Sasa amelala kitanda cha 4, chini ya faili la mwenzake.

Bangili ya Mwanaidi wa pili iko sahihi, ila imefunikwa na khanga. Neno MZIO limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye faili lake, ambalo limebaki kitanda cha 6. Yeye mwenyewe anajua kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumvimbisha uso, na atasema, lakini akiulizwa tu.

Sasa mpe mwigizaji wa Mwanaidi wa pili maagizo mawili, uyaandike kwenye karatasi yake:

1. Ukiitwa "Mwanaidi" au "Bi Mwanaidi", itika "Abee". Ukiulizwa "Wewe ndiye Mwanaidi Salum?", sema "Ndiyo, mwanangu". Ukiulizwa "Unaitwa nani, majina yako matatu?", taja jina lako kamili la kwenye karatasi.
2. Usitaje mzio mpaka uulizwe kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru.

Sehemu hii ndiyo moyo wa kisa chote. Mgonjwa wetu anamheshimu muuguzi. Yuko na homa, amechoka, anasikia nusu ya maneno, na "ndiyo" ni adabu kabla haijawa jibu. Mwanafunzi anayeuliza swali la ndiyo au hapana atajibiwa ndiyo, na ataondoka akiamini kwamba amehakiki. Hakuna hotuba inayoliingiza jambo hili kichwani kama kusikia "ndiyo, mwanangu" halafu dakika mbili baadaye ukaisoma bangili.

Mwishowe muandikie sista kiongozi mistari yake. Dakika ya tatu ataingia na kusema: "Jamani, daktari anaanza raundi. Huyo wa kitanda cha nne bado hajapata dawa yake? Mpeni tuendelee." Akisimamishwa na mwanafunzi mara moja, atasema: "Nimeshakwambia ni huyo." Akisimamishwa mara ya pili kwa sababu iliyotajwa, anakubali na kusaidia kuhakiki. Mwagize asiwe mkali. Sista mwema mwenye haraka ni mtego mzito kuliko sista anayefoka.

Ndugu wa mgonjwa amekaa kitandani kwa Mwanaidi wa pili. Anajua kwamba walihamishwa usiku. Naye anasema akiulizwa.

Utajua kisa kimekamilika pale mwenzako asiyekijua atakapokisoma na kukwambia, "Hii ilishatokea kwetu."

## Hatua ya 3: Panga chumba, na zilinde dawa za bandia

Fika nusu saa kabla. Pima kwa macho: mtu akisimama mlangoni, je, anaona wodi au anaona darasa? Ondoa ubao, ondoa viti vya ziada, weka chupa ya chai na kapu la chakula karibu na kitanda. Redio ya chini kwa chini au simu inayoita mara moja inatosha kuleta kelele ya wodini.

Dripu ya mwigizaji ni rahisi. Bandika kanula juu ya ngozi kwa plasta, isiingie mwilini, kisha mpira wake upite chini ya shuka hadi kwenye chupa tupu iliyofichwa ubavuni. Mwanafunzi akisukuma dawa, maji yanaelekea chupani. Kwa macho inaonekana imeingia.

Hapa kuna maonyo matatu ambayo sitayapunguza ukali.

Sindano yoyote isiingie chumbani kunapokuwa na mwigizaji hai. Kagua mifuko ya makoti ya wanafunzi kabla ya kuanza. Wengi hutoka wodini wakiwa na kanula mfukoni.

Usitumie kichupa cha ampisilini kilichotumika, hata ukikiosha. Mabaki kidogo ya penisilini yanaweza kumdhuru mwanafunzi au mwigizaji mwenye mzio, nawe utakuwa umelileta kosa la kweli kwenye somo la kulizuia. Chukua kichupa ambacho hakijawahi kuwa na dawa.

Kila dawa ya bandia iandikwe MAZOEZI TU, SI KWA MGONJWA, na ihesabiwe ikiingia na ikitoka. Mwishoni mwa mwaka 2014 nchini Marekani, dripu za chumvi zilizotengenezwa kwa mafunzo ziliingia kwenye zahanati na kuwekewa wagonjwa halisi. Zaidi ya watu 40 waliwekewa na wengi wao wakaugua, kwa sababu maji yale hayakuwa safi kwa kuingia mwilini. Chuo kinachopakana na hospitali kiko hatua chache tu kutoka kwenye ajali hiyo. Mimi naweka daftari dogo: vitu 7 vimeingia, vitu 7 vimetoka, sahihi yangu, sahihi ya mwenzangu, kabati linafungwa.

## Hatua ya 4: Maelezo ya awali, dakika 10

Wakufunzi wengi hupita hapa mbio, kisha wanashangaa kwa nini wanafunzi wameganda. Mwanafunzi asiyejua kama anapewa alama atalinda alama zake. Hatajaribu, hatauliza, na kosa akilifanya atalificha.

Sema mambo haya kwa maneno yako mwenyewe:

Hili si mtihani, hakuna alama. Tutakayoyaona humu hayatatoka humu. Hakuna kupiga picha, hakuna kusimulia bwenini. Wagonjwa hawa ni waigizaji, lakini tunaomba uwatendee kama wagonjwa wako. Kisa kina ugumu, na kimetungwa hivyo makusudi. Tunachokitafuta ni namna makosa yanavyopata njia ya kumfikia mgonjwa.

Kisha waonyeshe chumba. Washike vitu. Waambie kipi kinafanya kazi na kipi ni cha kuigiza: "Ukitaka presha, pima kweli, halafu mimi nitakutajia namba." Bila hivyo, nusu ya mazungumzo ya baadaye itakuwa "sikujua kama tunaruhusiwa kufungua bangili".

Wape watazamaji kazi, kila mmoja yake. Mmoja anaandika kila swali ambalo muuguzi anamuuliza mgonjwa, neno kwa neno. Mwingine anaandika saa na dakika ya kila tukio. Wa tatu anaangalia mawasiliano kati ya wauguzi wawili. Wa nne anamfuata ndugu wa mgonjwa: nani alimsalimu, nani alimuuliza kitu? Wa tano anaangalia ni mara ngapi kazi ilikatizwa. Maneno halisi yaliyoandikwa yatakuokoa baadaye, kwa sababu mwanafunzi mwenye hofu hukumbuka alichokusudia kusema na si alichosema.

Mwisho, wafundishe ngazi tatu za kusema kabla hawajaingia. Wanafunzi wetu wamelelewa kutomkatiza mkubwa, na malezi hayo ni mema. Hivyo wape maneno yanayobeba heshima na usalama kwa pamoja:

- Ngazi ya kwanza: "Sista, samahani, nina wasiwasi na jina hili."
- Ngazi ya pili: "Sista, sijaridhika. Naomba tusome bangili pamoja."
- Ngazi ya tatu: "Sista, naomba tusimame. Ni usalama wa mgonjwa."

Wayatamke kwa sauti, mmoja mmoja, kabla ya zoezi. Neno ambalo mtu hajawahi kulitamka halitoki siku ya kwanza anapolihitaji.

Ukiona mwanafunzi mmoja anauliza, "Mwalimu, nikikosea itakuwaje?", na wenzake hawamcheki, chumba kiko tayari.

## Hatua ya 5: Endesha zoezi, nawe ukae kimya

Dakika 8 hadi 10, zisizidi. Toa makabidhiano ya zamu kwa sauti, kama muuguzi wa usiku aliyechoka: wagonjwa wawili, nimonia na malaria, ampisilini ya saa 12 asubuhi bado, "wote wako salama". Usitaje kuhamishwa. Kisha rudi nyuma.

Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Utamwona mwanafunzi anakwenda moja kwa moja kitanda cha 4, mkono wako utainuka, mdomo utafunguka. Ujizuie. Ukimwokoa, umechukua somo lake ukabaki nalo wewe.

Kuna njia tatu ambazo zoezi linaweza kufuata, nawe uwe na mpango wa kila moja.

*Anagundua mapema.* Ameuliza jina kamili, amesoma bangili, amesimama. Mwache amtafute mgonjwa sahihi, arekebishe mafaili, atoe dawa. Sista amharakishe hata hivyo, ili tuone kama msimamo unadumu.

*Anatoa dawa kwa mgonjwa asiyehusika.* Kosa lisipite bila matokeo. Dakika moja baadaye mwigizaji aanze kujikuna shingo. Baada ya dakika nyingine sauti ikwaruze, aseme kifua kinabana. Akipima, mtajie: presha 84 kwa 50, mapigo 128, kupumua mara 30 kwa dakika, oksijeni asilimia 89. Unatazamia asimamishe dawa, aite msaada, aombe adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati, amlaze mgonjwa chali na miguu juu, au nusu kukaa kama pumzi inambana, ampe oksijeni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakishaita msaada, simamisha hapo. Matibabu ya mzio mkali ni somo jingine.

*Anaganda.* Dakika mbili zimepita hajafanya kitu. Mtumie ndugu wa mgonjwa amwulize, "Sista, mbona mnatutazama tu, mama yangu vipi?" Swali hilo humrudisha kazini bila wewe kuingia.

Usimuue mgonjwa. Wapo wanaodhani kifo cha kuigiza humkaza mwanafunzi. Nimeona kinachofuata: darasa zima linakaa na huzuni na hatia, na hakuna aliye tayari kuchambua. Wasaidizi waingie, mgonjwa apate nafuu, zoezi liishe.

Na kama mwanafunzi anatetemeka au anaanza kulia, simamisha mara moja. Mpe maji. Hakuna lengo la somo linalozidi hilo.

## Hatua ya 6: Mazungumzo ya baada ya zoezi, dakika 25 hadi 30

Ukibanwa na muda, punguza popote lakini si hapa. Mazungumzo yachukue angalau mara mbili ya muda wa zoezi. Ondokeni vitandani, kaeni kwa duara, nawe uketi kwenye kiti kama chao. Usisimame mbele.

Miaka kadhaa iliyopita niliendesha zoezi kama hili, na msichana mmoja akatoa dawa kwa mgonjwa asiyehusika. Nilimsimamisha mbele ya wenzake na kumuuliza, "Sasa umeua mtu, unajisikiaje?" Nilidhani namfundisha uzito wa kazi. Alilia, nami nikaendelea na somo. Wiki tatu baadaye akiwa wodini alikosa kutoa dozi moja, na hakumwambia mtu. Dozi ile iligunduliwa na zamu iliyofuata. Nilipomwita, alisema, "Mwalimu, niliogopa." Alikuwa amejifunza kutoka kwangu, na alichojifunza ni kunyamaza. Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyoongoza sehemu hii, na ndiyo sababu naiandika kwa urefu.

Kwanza, hisia, dakika 5. Waulize wauguzi wawili: "Mmetoka kwenye kazi. Mnajisikiaje?" Usijibu, usitetee, usirekebishe. Mtu ambaye moyo unamwenda mbio hawezi kuchambua. Wengine watacheka, wengine watajilaumu. Pokea yote.

Pili, kilichotokea, dakika 5. Mtazamaji wa saa asome daftari lake. Mtazamaji wa maswali asome maneno. "Dakika ya pili muuguzi alisema: Bi Mwanaidi, habari za asubuhi? Mgonjwa akajibu: Abee, nzuri. Muuguzi akasema: Nakuletea dawa yako." Mara nyingi chumba hunyamaza hapo. Uache ukimya ufanye kazi.

Tatu, kwa nini, dakika 15. Tumia sentensi yenye sehemu tatu: niliona, nikafikiri, nisaidie kuelewa. "Niliona umesoma namba ya kitanda, ukaanza kuandaa dawa. Nikapata wasiwasi kwa sababu kadi ina jina pia. Wakati ule ulikuwa unawaza nini?" Swali hili si la kujifanya, kweli hujui alichokuwa anawaza. Nimejibiwa: "Wodini kwetu tunaitana kwa vitanda." Nimejibiwa: "Niliona kufunua khanga ya mama mtu mzima ni kukosa adabu." Kila jibu ni mlango. La kwanza linahusu mazoea ya wodi nzima, na mwanafunzi hawezi kulibeba peke yake. La pili linahitaji maneno tu: "Mama, naomba mkono wako nisome bangili, ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu kabla ya dawa."

Baada ya hapo waulize wote: kosa hili lilipita wapi? Waorodheshe. Paa lilivuja. Mafaili hayakuhamishwa. Makabidhiano hayakutaja mabadiliko. Majina yanafanana. Swali liliulizwa vibaya. Sista alikuwa na haraka. Ndugu hakuulizwa. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason aliieleza hali hii kwa vipande vya jibini vyenye matundu, hatari ikipenya pale matundu yanapopangana mstari mmoja. Darasani kwangu natundika vyandarua vitatu vilivyotoboka, kimoja ndani ya kingine. Mbu akikuta matundu matatu yanatazamana, anaingia. Ukiziba moja tu, anabaki nje. Muuguzi aliyeuliza "unaitwa nani?" ameziba moja, hata kama mengine sita yako wazi.

Nne, maneno ya kuondoka nayo, dakika 3. Kila mmoja aseme sentensi moja ya kitu atakachofanya zamu yake ijayo. "Nitakuwa makini zaidi" usiipokee. Mwombe aseme kitendo kinachoonekana: "Nitauliza majina matatu na kusoma bangili kabla ya kufungua kichupa."

Wewe mkufunzi, mpe mtazamaji mmoja kazi ya kuhesabu dakika ulizozungumza. Ukizidi theluthi moja ya muda wote, umehutubia.

## Hatua ya 7: Rudieni zoezi siku hiyohiyo

Dakika 8, wauguzi wawili walewale. Badilisha kidogo: sasa mgonjwa mwenye mzio yuko kitanda cha 6 na faili lake sahihi, lakini kadi ya dawa imeandikwa jina bila la ukoo. Ukirudia kisa kilekile watakumbuka jibu.

Usiiache hatua hii kwa kuchelewa chakula cha mchana. Mwanafunzi aliyekosea akaondoka bila kurudia anabaki na picha ya kukosea. Aliyerudia akaweza anabeba picha ya pili pamoja na ile ya kwanza. Utaiona tofauti kwenye mabega yake akitoka mlangoni.

## Hatua ya 8: Waandike taarifa ya tukio

Dakika 10, fomu ya ukurasa mmoja: nini kilitokea, lini, mgonjwa alipata madhara gani, nini kilichangia, nini kibadilishwe. Hata kundi lililogundua mapema liandike, kwa kuwa nusura, yaani kosa lililozuiwa kabla ya kumfikia mgonjwa, ni tukio pia, na lina faida ya kutomdhuru mtu.

Soma fomu ukiwa na kalamu. Kila palipoandikwa "uzembe wa muuguzi", zungushia na urudishe na swali: muuguzi huyu angekuwa makini kabisa, ni kitu gani bado kingemkwaza?

## Hatua ya 9: Mfuate wodini

Zoezi moja haliendi wodini lenyewe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwafundisha wahudumu kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere, ila huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wodi ya uzazi, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua.

Chukua mfano huo. Omba ruhusa kwa muuguzi kiongozi wa wodi wanayofanyia mazoezi ya vitendo. Mara moja kwa wiki, kabla ya mzunguko wa dawa, wanafunzi wawili wasimame kando ya meza ya dawa kwa dakika tatu: mmoja ni Mwanaidi, mmoja ni muuguzi, bangili ya plasta, kadi ya dawa. Wabadilishane. Wauguzi wa wodi wakipita na kutaka kujaribu, wakaribishe.

Kisha wakati wa mzunguko wa saa 12 jioni, simama mbali kidogo na kalamu na kadi ndogo. Weka alama mbili tu: alama moja kwa kila dozi, na alama ya pili kwa kila "unaitwa nani?" uliyoisikia kabla ya dozi hiyo. Usiandike majina. Wiki ya kwanza, mara yangu ya mwisho kufanya hivi, nilihesabu dozi 14 na maswali 5. Kadi ile niliibandika ukutani kwenye maabara ya stadi, na kundi lililofuata lilipoingia kwa maelezo ya awali, ndiyo kitu cha kwanza walichoniuliza.